Barua ya wazi kwa wanaosimamia mazingira yetu: msituambie ni tabia tu, leteni pipa na lori la kulimwaga

Kwenu wakubwa wa wizara, wa mamlaka ya mazingira, wa manispaa na wilaya, waheshimiwa wabunge na madiwani, mpaka huku chini kwa wenyeviti wetu wa LC, yaani mabaraza ya mitaa.

Nawasalimu kutoka Busia, upande wa Uganda. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili wa sekondari, na jioni nikitoka shule nampokea mama yangu meza yake ya nyanya na vitunguu pale sokoni ili akaswali magharibi na apumzishe mgongo, kwa hio haya ninayowaandikia sikuyasikia redioni, ni vitu naishi navyo kila siku.

Kuna mkutano wa usafi tuliitwa. Tuliambiwa saa tatu, mgeni akafika saa saba, watu wameacha meza zao na wateja wao wanasubiri kwenye jua. Mgeni mwenyewe alikuwa kiongozi mmoja, jina lake naliacha maana sikuja kumchafua mtu. Akashika kipaza sauti akasema, nyinyi watu wa hapa shida yenu ni tabia, uchafu mmezaliwa nao, hata tukiwaletea nini hamtabadilika. Wengine wakacheka, wengine wakapiga makofi vile watu wanapigia mkubwa makofi. Mama yangu hakucheka. Mama yangu anaamka saa kumi na moja, anafagia mbele ya meza yake na mbele ya meza ya jirani ambaye ni mgonjwa, zile takataka anazitia kwenye gunia, alafu hana pa kulipeleka hilo gunia. Usiku ule akaniuliza, mwalimu, wewe umesoma, ni kweli mtu anazaliwa mchafu?

Sikuwa na jibu na sikutaka kubisha kwa hasira tu, nikaweka bando kwenye simu nikaanza kusoma, usiku wa kwanza, wa pili, mpaka wiki ikaisha. Nikakuta kumbe swali la mama limeulizwa na wataalamu wa saikolojia miaka mingi. Wao wanasema haiba ya mtu unaweza kuipima kwa mambo makubwa matano. Kuna uwazi wa akili, yaani mtu kupenda kujua na kujaribu vitu vipya. Kuna umakini, ule mpangilio wa mtu ambaye akisema nitafanya anafanya na akianza kazi haiachi katikati. Kuna uchangamfu wa kupenda kukaa na watu, kuna upole na huruma ya kupatana na wenzako, na kuna wasiwasi, wepesi wa kuingiwa na hofu. Alafu watafiti wawili wa Kanada, Kibeom Lee na Michael Ashton, wakaongeza la sita wanaloliita ukweli na unyenyekevu, yaani mtu asiyependa kudanganya, asiyetaka kuchukua zaidi ya haki yake, asiyejiona yuko juu ya wengine. Hilo la sita naomba mlishike vizuri, nitalirudia.

Sasa mwaka 2020 Alistair Soutter, Timothy Bates na René Mõttus walikusanya tafiti nyingi zilizokuwa zimeshafanywa, ukijumlisha watu wote waliopimwa humo wanakaribia 45,000, wakaangalia ni haiba gani inaendana na kutunza mazingira. Zilizoongoza ni mbili, uwazi wa akili na huo ukweli na unyenyekevu. Nyuma yake upole na umakini, uchangamfu unafuata kwa mbali, na wasiwasi karibu hauna kitu. Kwa hio yule kiongozi wetu hakukosea yote, tabia ina sehemu yake, hata hapa mtaani tunawajua watu ambao kaveera, huo mfuko wa plastiki, haiwezi kutoka mkononi mwao ikaanguka chini, na tunawajua wengine ambao hata hawaangalii pale wanapotupa. Lakini someni pia hio sehemu ina ukubwa gani wakubwa wangu, maana ni ndogo. Hata ile haiba iliyoongoza inaeleza kipande kidogo tu cha yale mtu anayofanya. Ukiijua haiba ya mtu yote, toka udogo wake, bado huwezi kusema kwa uhakika kama kesho chupa yake ataitupa mtaroni ama ataibeba mpaka nyumbani. Sehemu kubwa ya jibu haimo ndani ya mtu, iko hapo nje anapopita. Na tukumbuke wengi waliopimwa ni watu wa nchi tajiri, ambako lori la taka linapita siku yake na watu wanaijua hio siku. Sisi huku?

Njooni niwaonyeshe kitu ambacho hakihitaji profesa. Busia ni mji mmoja wenye nchi mbili. Hapa ndio boda boda ilipoanzia, vijana wakibeba watu kwa baiskeli toka boda moja mpaka boda nyingine, na mpaka leo watu wanavuka kwenda na kurudi siku nzima, wengine mara nne tano, kununua, kuuza, kusalimia ndugu. Upande wa Kenya mfuko wa plastiki ulipigwa marufuku tarehe 28 Agosti 2017, na adhabu yake si mchezo, faini mpaka milioni nne za Kenya ama jela mpaka miaka minne. Upande wetu sheria ya kwanza ya kukataza kaveera nyembamba ni ya 2009, alafu Sheria ya Taifa ya Mazingira ya 2019 ikarudia, kaveera zote za unene wa chini ya maikroni 30 hazitakiwi. Kwa hio kwenye karatasi sisi tuliwatangulia Wakenya miaka minane. Kwenye karatasi.

Mezani kwa mama anakuja mteja mmoja, mama wa makamo, anaishi ng'ambo. Anachagua nyanya moja moja, anaibonyeza kwa kidole gumba, anauliza bei mara ya pili kama kwamba itashuka. Akimaliza anasema mwanangu nifungie. Namfungia kwa kaveera, ile nyeusi, na akiona ni nyepesi anasema weka mbili. Anaenda. Kabla hajafika pale kwa askari anasimama pembeni ya ukuta, anatoa mfuko wa kitambaa aliokunja kwenye mkoba wake, anamimina nyanya humo taratibu zisipasuke, na zile kaveera mbili anaziachia hapo hapo chini, upande wetu. Nimemwona zaidi ya mara kumi. Sasa niambieni, huyu mama ana haiba gani? Akiwa hapa ni mchafu, akipiga hatua mia mbili ni msafi? Moyo wake ni ule ule, malezi yake ni yale yale, umri wake haujabadilika kati ya hapa na pale. Kilichobadilika ni ardhi anayoikanyaga na nani anaisimamia. Na sisi tunafanya hivyo hivyo, tena sisi wengi kuliko wao, tukivuka tunajipekua wenyewe kabla hatujapekuliwa, tukirudi tunaomba kaveera kwa sauti kubwa.

Kwani Wanyarwanda wote walizaliwa na umakini? Walikataza mifuko ya plastiki mwaka 2008 na Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi wanatoka nyumba kwa nyumba kwa umuganda, yaani kazi ya pamoja ya jamii, mpole anatoka, mkali anatoka, mvivu anatoka. Tanzania nao walikataza Juni 2019. Nchi hizi zina watu wa kila namna kama sisi.

Nikasoma utafiti mwingine wa zamani kidogo, wa 1995, wa Guagnano, Stern na Dietz, ulifanyika jimbo la Virginia kule Marekani. Kulikuwa na mpango wa kukusanya vitu vya kutumika tena, kuna nyumba zilipewa pipa maalum na nyumba zingine zilikuwa bado hazijapewa. Kwa zile ambazo hazina pipa, mtu alifanya kama imani yake ni kubwa, yaani yule anayejali sana ndiye alihangaika, wengine hapana. Lakini kwa zile zenye pipa, ile tofauti ya anayejali sana na anayejali kidogo ikapotea, watu wakafanya tu. Niliposoma hapo nikaweka simu chini, maana hio hadithi naijua, imetokea kwetu, nami nilikuwepo.

Klabu ya mazingira ya shule yetu mimi ndiye mlezi wake. Tulichanga, watoto wakatoa mia tano mia tano, tukanunua madramu mawili ya mafuta yaliyotumika, fundi akayakata juu na kuyalainisha kingo, watoto wakayapaka rangi ya kijani. Tukayaweka mstari mmoja wa soko, mstari wa nyuma yake tukauacha vile ulivyo. Sikuwa nafanya utafiti, tulikuwa hatuna hela ya la tatu. Wiki ya kwanza niliona vitu sikutarajia. Kuna kijana wa chapati ambaye kila mtu anamsema kwa uchafu, maganda ya mayai yake yako kila mahali, huyo huyo akawa anayatia ndani ya dramu kwa sababu lilikuwa hatua tatu toka kwake. Wala hakuokoka, wala hakupewa semina. Mstari wa nyuma ukabaki vile vile, na watu wa mistari yote miwili ni ndugu, wengine ni mume na mke.

Wiki ya pili madramu yakajaa. Nikaenda kwenye ofisi inayohusika, nikaambiwa andika barua, nikaandika. Nikarudi, nikaambiwa lori lina tatizo la mafuta, rudi wiki ijayo. Wiki ya tatu madramu yalikuwa yamefurika, nzi, maji meusi yanatoka chini, na watu wakaanza kutupa pembeni yake, alafu mbali kidogo na pembeni, mpaka ule mstari ukawa mchafu kuliko ule ambao haukuwa na pipa kabisa. Robert Cialdini na wenzake walionyesha jambo hili mwaka 1990, kwamba mtu akikuta mahali pameshatupwa takataka naye hutupa zaidi kuliko akikuta pasafi. Mimi sikuhitaji kusoma, nilisimama pale nikaona watu niliowasifu wiki mbili kabla wanarudi vile walivyokuwa.

Isipokuwa mtu mmoja. Kuna mzee fundi cherehani, meza yake iko mwisho wa mstari. Huyu mzee vipande vyake vya nguo anavipanga kwa rangi, sindano zake zimechomwa kwenye sponji kwa urefu, kitabu chake cha madeni kina mistari iliyochorwa kwa rula. Kila jioni alikuwa akifunga taka zake kwenye kitambaa, anaweka nyuma ya baiskeli, anakwenda nazo kwake kuzifukia shambani. Kilomita nne. Nilimuuliza mzee kwa nini unajitesa, akaniambia, mwanangu mimi siwezi kulala nikijua kitu hakiko mahali pake. Huyo ndiye umakini wenyewe, huyo ndiye yule wa Virginia asiye na pipa. Pipa likiwa linafanya kazi huwezi kumtofautisha na kijana wa chapati. Pipa likifa, anabaki yeye peke yake.

Na hapo ndipo nawauliza wakubwa wetu, mji wa maelfu ya watu mnataka uendeshwe na mzee mmoja mwenye baiskeli? Manake mkisema shida ni tabia, hicho ndicho mnachosema, kwamba mtangoja mpaka kila mtu awe kama yule mzee. Hatakuwa. Mungu hakutuumba hivyo, katuumba wa kila namna, na kazi ya serikali ni kutengeneza mahali ambapo hata mtu wa kawaida, aliyechoka, mwenye mtoto mgongoni na haraka ya kurudi nyumbani, anajikuta amefanya sawa bila kufikiria sana.

Sisemi haiba haina kazi. Ina kazi, ila mnaitumia vibaya. Nyinyi mkija mnakuja na sauti moja tu, faini, kukamatwa, aibu yenu. Gari linapita na bizindaalo juu, vile vipaza sauti, linatisha watu. Mtu mwenye wasiwasi akisikia hivyo hasafishi, anajificha. Jirani yetu mmoja alianza kuchoma kaveera zake usiku nyuma ya choo ili asionekane nazo mchana, moshi ule unaingia kwetu, mtoto wake mdogo anakohoa mpaka asubuhi. Yeye aliona ametii. Mngemwambia kwa upole taka hizi zipeleke pale, siku fulani, na hakuna atakayekuuliza kitu, angekuwa wa kwanza.

Wale wachangamfu muwape watu. Mdogo wangu mwenyewe ni wa boda boda, nyumbani hawezi kuokota hata kikombe, lakini siku stendi yao walipoamua kuzibua mtaro alikuwa ndani ya maji mpaka magotini toka asubuhi anaimba, kwa sababu wenzake wako hapo na kuna kelele na mandazi. Mwite peke yake, haji. Waganda wana bulungi bwansi yao toka zamani, watu wanatoka pamoja kulima barabara na kusafisha visima, na wazee wetu wa Kisamia nao wanasimulia kazi za pamoja za namna hio, kwa hio si jambo la kuletewa na mzungu. Wale wapenda vitu vipya ndio mngeanza nao mkileta briketi za maganda ya ndizi na vumbi la makaa, au majiko yasiyokula makaa mengi. Darasani kwangu kuna msichana mmoja wa S2, yaani kidato cha pili, haniangalii nikifundisha ngeli, lakini siku tulipotengeneza briketi alibaki mpaka jua likazama, anachanganya na uji wa muhogo, anakanda, anaanika, anarudi kesho kuangalia ipi imepasuka, anaandika kwenye kidaftari. Ile ya muhogo mwingi iliwaka vibaya, ikatoa moshi. Akapunguza. Huyo hakuhitaji kutishwa, alihitaji beseni na mtu wa kumwambia jaribu tena. Na wale wa huruma waambieni maji haya yanakwenda wapi, kwamba kaveera ya sokoni inashuka mpaka Mto Sio, na Mto Sio unaingia ziwani, na kuna mtu wa Samia kule chini anachota na kuna mvuvi anavuta wavu. Wengi hawajawahi kuambiwa hivyo hata siku moja, wanaambiwa faini tu.

Sasa nirudi kwa lile la sita. Ukweli na unyenyekevu, kutotaka zaidi ya haki yako, kutojiona uko juu ya wengine. Kati ya haiba zote hio ni moja ya mbili zinazoendana zaidi na kutunza mazingira, na mimi nikifikiri naona ni sawa kabisa, kwa sababu kutupa taka yako kwa mwenzio ni kumbebesha mzigo usio wake. Lakini waheshimiwa, hio haiba haipimwi kwa muuza nyanya peke yake. Siku ya ule mkutano kila mtu wa meza kuu aliwekewa chupa ya maji ya plastiki, sisi wa chini hatukupewa, si neno. Mkutano ulipoisha chupa zikabaki mezani nusu zimejaa. Msafara ukaondoka, na kwenye gari la pili mkono ukatoka dirishani ukaachia chupa. Ilidunda mara mbili kwenye murram ikaingia mtaroni, mtaro ule ule tuliokuwa tumetoka kukaripiwa. Watoto wa klabu yangu walikuwa wamesimama pale na sare zao, wameimba wimbo wa kumkaribisha mgeni. Mmoja akaniangalia usoni kuona mwalimu atasema nini. Sikusema kitu, niliogopa, na mpaka leo nyamazo lile linaniuma kuliko maneno ya kiongozi. Mtoto akashuka mwenyewe akaiokota.

Nani ana uwezo wa kufunga kiwanda kinachotoa kaveera ya chini ya maikroni 30? Mama yangu? Yeye ananunua pakiti kwa sababu zipo na ni rahisi, na asipokuwa nazo mteja anahamia meza ya pili. Sheria ya 2019 iko wazi, haihitaji tabia ya mama yangu ibadilike kwanza, inahitaji mwenye mamlaka aende mahali zinapotengenezwa na mahali zinapoingilia. Mnapokamata mwenye meza na kumwacha mwenye ghala, watu wanaona, na wakishaona hawaamini tena neno lenu la mazingira hata likiwa la kweli.

Na yale ya Kiteezi tusiyasahau haraka hivi. Tarehe 10 Agosti 2024 mlima wa taka wa Kampala uliporomoka baada ya mvua, ukafunika nyumba na watu, wakafa zaidi ya thelathini. Pale palianza kupokea taka tangu 1996. Waliofunikwa wengine walikuwa wamelala nyumbani kwao. Taka zile zingine zilikuwa zimewekwa vizuri kwenye magunia na watu wenye umakini, watu waliolipa hela ya kubebewa, waliofanya kila kitu sawa upande wao. Tabia yao nzuri ilipandishwa kwenye lori, ikaenda kurundikwa juu ya vichwa vya wenzao, kwa sababu mbele ya safari hakukuwa na mpango. Nililia nikiona picha za wale wanaochimba kwa mikono. Kwa hio mkiniambia tabia, mimi nakumbuka Kiteezi.

Ninachoomba si kikubwa. Kwa soko letu na masoko mengine ya boda kama Malaba, Mutukula na Mpondwe, wekeni mapipa karibu na watu, si moja getini kwa ajili ya picha, na muhimu zaidi ya pipa ni siku ya lori, siku moja inayojulikana, iandikwe ukutani, lori lije mvua ije jua liwake, na likishindwa kuja mtu atuambie mapema tujue tufanye nini. Kama hamna uhakika wa lori, basi pipa msituletee, maana nimeona linavyogeuka. Pale kwenye kivuko, upande wetu, wekeni mahali pa kuacha kaveera kabla mtu hajavuka, hata kreti la waya tu, wale akina mama wa ng'ambo watazitia humo, nina hakika. Ile hela ya faini mnayochukua sokoni iseme imekwenda wapi. Na mkutano mwingine wa usafi mkija, njooni na jagi na vikombe.

Kuhusu shule, msitupe mtaala mwingine wa kukariri. Tupeni madramu, tupeni chombo cha kupondea makaa, muwaache watoto wajaribu na wakosee. Mtoto mpole atapata kazi yake humo na mkorofi atapata yake, mimi kama mwalimu najua kuwapanga, hio ndio kazi niliyosomea.

Mama ameniuliza tena juzi kama nimepata jibu la swali lake. Nikamwambia mama, mtu anazaliwa na moyo wake, lakini gunia lako lile halina pa kwenda kwa sababu hakuna aliyepatengeneza, si kwa sababu ya moyo wako. Akatikisa kichwa, akaniambia nishike meza, anaenda kuswali.

Madramu yetu mawili bado yapo mkija kuyaona. Moja limetoboka chini, yule mzee fundi ameliziba kwa kipande cha bati na lami, ameligeuza mdomo chini ili mvua isilioze zaidi, anasema litafaa siku lori likija. Mtaro ulioingia ile chupa uko kushoto ukitokea barabara kuu, na mimi napatikana pale mezani kila siku ya juma kuanzia saa kumi na moja jioni.

Mwalimu wa Kiswahili,
Busia, Uganda